Jinsi ya Kulinganisha Darubini za Bunduki Kabla Hujatoa Pesa: Retiko, Ubora na Upatikanaji

Tandala dume alisimama kwenye kivuli cha mninga, mita 80 hivi kutoka pale tulipokuwa tumesimamisha fimbo tatu za kuegemezea bunduki. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgeni alikuwa na bunduki nzuri, na juu yake darubini mpya ya kukuza mara 5 hadi 25, ya bei ambayo kwetu ungenunua pikipiki mbili na chenji ikabaki. Akalenga, akainua kichwa, akalenga tena. Kisha akaninong'oneza: "Sioni msalaba." Vioo vilikuwa safi na mnyama alimwona mpaka nywele za shingoni. Alichokikosa ni mistari ya kulengea. Kwa ukuzaji wa mara 5 mistari ile ilikuwa myembamba kama uzi wa buibui, ikamezwa na kivuli na majani makavu. Tandala akageuka, akaondoka zake bila hata haraka.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue darubini gani, simtajii kampuni. Namuuliza kwanza mstari wa katikati una unene gani, na atautazama kwa ukuzaji wa mara ngapi. Wengi hawajui kwamba namba hiyo ipo. Ipo, watengenezaji wakubwa huichapisha kwenye kitabu cha maelezo, na ina uzito kuliko maneno yote ya mwuzaji. Mwongozo huu nimeupanga kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe: retiko kwanza, yaani ile michoro ya kulengea unayoiona ndani ya darubini, kisha mitambo, kisha vioo, mwisho upatikanaji, ambao kwa mtu wa Afrika Mashariki unaweza kupangua yote uliyopanga.

Naandika kwa wenye bunduki iliyosajiliwa na kibali halali. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na hakuna darubini inayomhalalisha asiye na leseni. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo msomaji wa huko huenda analenga karatasi kwenye uwanja wa klabu. Kwake sehemu ya vipimo na majaribio ya kliki, yaani hatua ndogo za vifundo vya kurekebishia, ndiyo itakayomfaa zaidi.

Hatua ya 1: Andika umbali wako wa kweli

Chukua daftari, kumbuka mara kumi za mwisho ulizopiga, andika umbali na mwanga uliokuwepo. Usiandike umbali unaoutamani. Kwenye miombo ya Rungwa miti imesongamana, na mara nyingi mnyama huonekana ndani ya mita 50 hadi 150. Kwenye mbuga za wazi za Umasaini unaweza kulazimika kupiga mita 200 na zaidi, kwa sababu hakuna kichaka cha kukukaribisha kwa nyamera au swala. Mbogo ni habari nyingine kabisa: unamfuata kwa miguu, unampiga karibu, na kama hukumpiga vizuri yeye ndiye atakayekufuata.

Daftari hilo litakuambia ukuzaji unaohitaji, na mara nyingi ni mdogo kuliko ulivyofikiri. Kwa mbogo, darubini inayoanzia mara 1 au 1.5 inakupa uwanja mpana wa kuona na unaweza kulenga macho yote mawili yakiwa wazi. Kwa wanyama wa kawaida wa porini, 3 hadi 9 au 2 hadi 10 inamaliza kazi. Ukuzaji wa mara 25 ni wa mtu anayelala chini na kulenga bamba la chuma mita 800, na kwa kazi hiyo ni chombo kizuri sana.

Hatua ya 2: Isome retiko kwa namba

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Anza na vipimo. Retiko hupimwa kwa pembe, ama mrad (miliradiani) ama MOA (dakika ya pembe). Mrad 1 ni sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100, sentimita 20 kwenye mita 200, na hivyo hivyo kuendelea. MOA 1 ni sentimita 2.9 kwenye mita 100. Ukitaka kugeuza MOA kuwa mrad, gawanya kwa 3.44. Kwa sisi tunaopima kwa mita na sentimita mrad ni rahisi kichwani, na ndiyo ninayoipendekeza. Lakini kanuni moja usiivunje: retiko na vifundo vya kurekebishia viwe vya kipimo kimoja. Zipo darubini, hasa za zamani, zenye retiko ya mrad na vifundo vya MOA, na mtu anajikuta anapiga hesabu za kugawanya huku mnyama anaondoka.

Pili, angalia retiko imewekwa wapi. Kwenye boksi utaona herufi FFP au SFP. FFP maana yake mchoro umewekwa mbele ya mtambo wa kukuza: ukikuza mnyama na mistari inakua naye, ukipunguza inapungua. Faida yake ni kwamba alama ya mrad 2 inabaki mrad 2 kwa ukuzaji wowote. Hasara ndiyo ile iliyomkuta mgeni wangu. SFP maana yake mchoro uko nyuma ya mtambo wa kukuza: mistari inaonekana na unene uleule siku zote, lakini alama zake ni za kweli kwa ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule mkubwa kabisa. Chukua darubini ya 3 hadi 9 ya namna hii. Alama inayosoma mrad 2 kwenye 9 inakuwa mrad 4 ukishusha hadi 4.5. Kwenye mita 200, tofauti hiyo ni sentimita 40. Watu wamejeruhi wanyama kwa kutolijua hili, na mnyama aliyejeruhiwa ni siku nzima ya kufuata damu na mateso ambayo hakustahili.

Tatu, unene wa mstari. Retiko nyingi za FFP za kupigia mbali zina mstari wa katikati wa mrad 0.03 hadi 0.05. Mstari wa 0.05 kwenye mita 200 unafunika sentimita 1 tu ya shabaha, jambo zuri kwa mlenga karatasi. Swali ni kama jicho lako litauona. Huhitaji darubini mkononi kulijibu swali hilo. Unahitaji kalamu na ukuta.

Jaribio lenyewe ni hili. Chora msalaba kwa kalamu ya wino inayoacha mstari wa unene wa nusu milimita, kwenye karatasi ya kaki, ile ya bahasha kubwa za ofisini, kwa sababu rangi yake inakaribiana na majani makavu kuliko karatasi nyeupe. Bandika ukutani. Sasa zidisha unene wa mstari wa retiko kwa mrad na ukuzaji, kisha chukua unene wa kalamu kwa milimita uugawanye kwa jibu hilo. Unachopata ni umbali, kwa mita, wa kusimama. Kwa mstari wa mrad 0.03 kwenye ukuzaji wa mara 5: 0.03 mara 5 ni 0.15, nusu milimita ukigawanya kwa 0.15 unapata 3.3. Simama mita 3.3 kutoka ukutani. Hivyo ndivyo mstari ule utakavyoonekana kwa unene wake ndani ya darubini ikiwa kwenye 5. Kwenye 25 jibu ni mita 0.67, yaani urefu wa mkono, na mstari unaonekana waziwazi. Fanya jaribio mchana, kisha lirudie magharibi taa zikiwa zimezimwa. Jicho zuri la binadamu linatenganisha vitu hadi karibu mrad 0.3, kwa hiyo 0.15 kwenye mwanga hafifu ni kuomba muujiza.

Kwa retiko ya SFP tumia ukuzaji ule ambao kitabu kimeutolea vipimo, mara nyingi mkubwa kabisa, na jibu litakuwa hilohilo kwa ukuzaji wote. Mstari wa mrad 0.1 uliopimwa kwenye 9 unakupa 0.9, yaani unasimama sentimita 56 kutoka ukutani. Uone mwenyewe tofauti. Karatasi hii moja imeokoa pesa za watu wengi niliowafundisha kuitumia.

Nne, umbo la mchoro. Umbo linalojulikana zaidi kwa wawindaji ni lile la mistari minene kutoka pembeni inayogeuka myembamba karibu na katikati. Leupold, kampuni ya Marekani, waliliingiza sokoni mwaka 1962 kwa jina la Duplex, na karibu kila kampuni sasa ina la kwake. Siri yake ni kwamba hata mistari myembamba ikipotea gizani, ile minene inakuelekeza katikati. Wajerumani wana retiko yao namba 4, yenye nguzo tatu nene, kushoto, kulia na chini, na juu mstari mwembamba peke yake. Kwenye kivuli cha miombo siijui bora kuliko hiyo. Retiko ya nukta za mrad ilianzia kwa wanajeshi wa majini wa Marekani miaka ya 1970, kwa ajili ya kukadiria umbali: mnyama ambaye kimo chake begani unakijua ni mita 1, akijaza mrad 5, yuko mita 200. Halafu kuna zile zenye umbo la mti, matawi yamejaa nusu ya chini ya kioo kwa ajili ya kufidia upepo na kushuka kwa risasi. Mlenga shabaha wa mbali anazihitaji. Mwindaji wa porini anapewa nyavu ya kumtazamia ngiri ndani ya nyasi.

Retiko yenye taa ya nukta katikati ni msaada wa kweli kwenye kivuli na kwa mbogo mweusi, ambaye mstari mweusi juu yake haupo kabisa. Angalia mambo mawili: taa iweze kushuka mpaka iwe hafifu sana, maana ikiwaka kupita kiasi alfajiri inakufunga jicho, na betri iwe ya aina unayoipata. Nyingi hutumia CR2032, ileile ya funguo za magari, inapatikana kila mji. Na retiko lazima ionekane vizuri taa ikiwa imezimwa. Ile isiyoonekana bila betri usiinunue.

Hatua ya 3: Pima mitambo bila kuchoma risasi

Darubini inaweza kuwa na vioo kama maji ya chemchemi na bado ikakudanganya kwa kuhamisha shabaha. Kifundo cha juu kinapandisha na kushusha, cha pembeni kinapeleka kushoto na kulia, na kila kliki ina thamani: mrad 0.1 ni sentimita 1 kwenye mita 100. Robo MOA ni milimita 7 na kidogo.

Risasi ni ghali, kwa hiyo fanya hivi kwanza. Toa risasi zote na uondoe bolti. Ifunge bunduki kwenye mifuko ya mchanga au kwenye jiliwa ya fundi seremala iliyowekewa nguo, isitikisike hata kidogo. Pima mita 50 kamili kwa futi ya mkanda, si kwa hatua. Huko simamisha ubao wenye mstari wa wima, uliohakikishwa kwa timazi ya fundi uashi, na alama kila sentimita 10. Weka katikati ya retiko kwenye alama ya chini, kisha zungusha kifundo mrad 10 kwa kuhesabu kliki 100. Retiko inapaswa kuwa imetembea sentimita 50. Ikitembea 49 au 51 unaweza kuishi nayo ukijua. Ikitembea 46, irudishe dukani. Angalia pia kama imefuata mstari wa timazi au imekwenda mshazari. Ukikuta mshazari, huenda ni wewe umeifunga darubini ikiwa imeinama. Kama darubini yako haina kliki za kutosha kufika mrad 10, tumia mrad 5 na utarajie sentimita 25.

Kisha zungusha kurudi kliki zilezile. Kwa mwindaji hili ni muhimu kuliko usahihi wa kila kliki, kwa sababu wengi wetu tunalinganisha bunduki na shabaha mara moja kabla ya msimu, tunafunika vifundo, hatuvigusi tena. Tunachodai ni kwamba darubini ikae ilipoachwa. Rudia mara tano. Halafu zungusha pete ya ukuzaji kutoka mdogo hadi mkubwa ukitazama alama: katikati ya retiko isihame. Kwenye darubini za bei ya chini hapa ndipo utaona inatangatanga.

Maliza na risasi chache za kweli. Piga tatu, panda mrad 2, piga moja, kulia mrad 2, piga moja, shuka 2, piga moja, rudi kushoto 2, piga ya mwisho. Ya mwisho iangukie kwenye kundi la kwanza.

Kuhusu kufunga: darubini nyingi zinazolaumiwa ni nzima, pete ndizo zimelegea. Mwili wa darubini huwa na kipenyo cha milimita 25.4, 30 au 34, na pete lazima zilingane nao. (Mwili mnene hauleti mwanga zaidi, unatoa nafasi ya kurekebisha zaidi tu.) Skurubu za pete kwa kawaida hukazwa karibu newtoni-mita 2, lakini soma kipimo cha mtengenezaji wa pete. Azima bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Mkono peke yake hukaza kupita kiasi na kuuminya mwili. Ukishamaliza, chora mstari mdogo wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skurubu hadi kwenye pete. Baada ya siku nzima ya Land Cruiser kwenye barabara ya matuta matuta utaona kwa jicho tu kama skurubu imezunguka.

Hatua ya 4: Vioo, kwenye saa inayostahili

Usipime kioo dukani chini ya taa. Chini ya taa kila darubini ni nzuri. Mwombe mwuzaji mtoke nje saa kumi na mbili jioni, ukiwa na darubini mbili unazolinganisha, zote kwenye ukuzaji uleule, na mtazame shina la mti lililo kivulini, zamu kwa zamu. Jua likizama kwetu giza linaingia haraka, kwa hiyo una dakika chache za maana. Andika dakika ambayo kila moja ilikukatalia kuona magamba ya mti, na dakika ambayo retiko ilipotea. Utashangaa mara ngapi retiko inatangulia kupotea.

Tofauti ya bei inatoka hasa kwenye tabaka nyembamba zinazopakwa juu ya lenzi. Kioo kitupu hupoteza karibu asilimia 4 ya mwanga kila unapoingia au kutoka. Darubini yenye lenzi 8 ina nyuso 16, na ukipiga hesabu unabaki na karibu nusu ya mwanga. Mwaka 1935 Olexander Smakula, akifanya kazi kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, alibuni namna ya kupaka lenzi ili zisirudishe mwanga, na kila darubini nzuri ya leo inaishi kwa ubunifu huo. Kwenye boksi la bei ndogo utasoma tu kwamba lenzi "zimepakwa". Uliza kama ni nyuso zote na kama ni tabaka nyingi.

Hesabu nyingine ni ya duara la mwanga linalofika jichoni: gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 40 kwenye 8 inatoa milimita 5. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7, ya mtu mzima hupungua kuelekea 5. Ndiyo maana Wajerumani, wanaomsubiri nguruwe mwitu juu ya dungu usiku wenye mbalamwezi, wakapenda darubini za 8 kwa lenzi ya 56: zinatoa milimita 7 kamili. Tanzania kuwinda usiku ni kosa, kwa hiyo yale mamilimita ya ziada tunayabeba bure, pamoja na uzito wake na ulazima wa kuifunga darubini juu juu mpaka shavu halifiki kwenye kitako. Lenzi ya 40 au 42 inatosha.

Angalia pia ukingo wa tawi dhidi ya anga nyeupe kama una upindo wa zambarau, na uelekeze karibu na jua linalozama, kamwe si kwenye jua lenyewe, uone kama kioo kinajaa ukungu mweupe.

Halafu nafasi ya jicho. Bunduki ya .375 H&H Magnum, ambayo ndiyo tunayoianzia kwa mbogo, ina teke. Kama darubini inakutaka uweke jicho sentimita 7 kutoka kwenye kioo, itakuchora nusu mwezi kwenye nyusi. Dai sentimita 9 au zaidi, na upime ukiwa umesimama na ukiwa umekaa.

Ukungu wa ndani ulikuwa ugonjwa wa darubini zote zamani. Leupold, kampuni ya Beaverton, Oregon iliyoanza mwaka 1907 kwa vyombo vya wapima ardhi, iliingia kwenye darubini za bunduki mwaka 1947 baada ya mmoja wao kumkosa mnyama kwa sababu darubini yake ilijaa ukungu, na ikawa ya kwanza kupata sifa ya kujaza nitrojeni ndani badala ya hewa yenye unyevu. Leo wote hujaza nitrojeni au agoni. Kwa darubini ya bunduki iliyokwisha kutumika, na mwuzaji akikubali, izamishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, vifuniko vyake vikiwa vimefungwa, dakika kadhaa. Vipovu vinavyotoka mfululizo kwenye kiungo kimoja maana yake gesi inavuja. Usinunue.

Hatua ya 5: Upatikanaji

Hapa mipango mingi huvunjika. Mtu anachagua modeli kwenye duka la mtandaoni la Marekani, analipia, kisha anaambiwa hawatumi Dar es Salaam. Si ubaguzi. Marekani inahesabu darubini za bunduki kuwa bidhaa inayodhibitiwa kusafirishwa nje, na kwa nchi nyingi, zetu zikiwemo, inahitajika leseni kutoka Wizara ya Biashara yao. Kwa sababu hiyohiyo usimwombe ndugu aliyeko Texas akuwekee moja kwenye begi: unamtia hatarini yeye. Darubini zinazoona kwa joto na za kuonea usiku zinabanwa zaidi kisheria, na kwa uwindaji wetu hazina kazi halali.

Njia zilizo safi ni duka la silaha lenye leseni, ambalo huagiza kwa jina lake na kulipa ushuru, au mtengenezaji wa Ulaya kupitia wakala. Ulaya kuna Swarovski Optik wa Absam, Austria; Zeiss; Schmidt & Bender wa Ujerumani, walioanza mwaka 1957; Kahles wa Austria, tangu 1898; na Meopta wa Přerov huko Cheki, ambao kwa maoni yangu ndio wanaokupa kioo kingi zaidi kwa pesa yako kati ya hao. Vortex ni kampuni ya Wisconsin, lakini darubini zake nyingi zinatoka viwanda vya Japani, Ufilipino na China kulingana na daraja la bei. Hilo si aibu, viwanda vya Japani ni hodari sana. Soma tu kilichoandikwa chini ya mwili wa darubini.

Udhamini wa maisha unaotangazwa na Wamarekani ni wa kweli, ila jiulize darubini itafikaje kwao. Kuirudisha ni safari ya ndege, karatasi za forodha, na leseni ileile wakati wa kurejea. Mimi nilikaa msimu mzima bila darubini yangu kwa sababu hiyo. Tangu hapo nauliza duka swali moja: ikiharibika, ninyi wenyewe mnaipokea, au mnanipa anwani? Duka linaloipokea linastahili kuongezewa hata asilimia kumi ya bei.

Jihadhari na bandia. Leupold wameonya hadharani kuhusu nakala zinazouzwa mtandaoni kwa jina lao, na hawako peke yao. Bei ikiwa robo ya kawaida, hiyo ni nakala. Omba namba ya darubini kabla ya kulipa, mwandikie mtengenezaji, subiri jibu.

Nikiweka mizani kwa mwindaji mkazi mwenye bunduki ya .30-06 anayekwenda kutafuta swala pala na kongoni, darubini rahisi ya 3 hadi 9 kwa lenzi ya 40, kama Leupold VX-Freedom yenye retiko ya Duplex, inayouzwa Marekani kwa takriban dola 300, inashinda darubini ya 5 hadi 25 ya bei mara nne. Retiko inaonekana alfajiri, uzito ni karibu gramu 350 wakati zile kubwa hukaribia kilo au kuipita, na mitambo ni michache ya kuharibika. Kwa mwindaji bingwa anayekaa na wageni mbele ya mbogo miezi sita kwa mwaka, ningemwambia ajinyime kwingine anunue ya 1 hadi 6 au 1 hadi 8 yenye taa kutoka Austria au Ujerumani, hata ikipita dola 2,000, maana wafuatiliaji nyayo wanaotangulia mbele wanategemea risasi yake. Na mlenga shabaha wa mbali achukue FFP, retiko na vifundo vya mrad, kisha atumie pesa iliyobaki kununua risasi za mazoezi.

Ukishainunua

Chora retiko yako kwenye kadi ndogo, andika kila alama inaangukia wapi kwa mita kulingana na risasi unayotumia, ulivyopiga mwenyewe uwanjani na si kama boksi lilivyosema. Kama ni SFP, andika kwa herufi kubwa ukuzaji ambao alama hizo ni za kweli. Bandika kadi kwenye kitako cha bunduki, upande usiogusa shavu, uifunike na selotepu pana. Andika kwa penseli au kalamu ya wino wa mafuta, kwa sababu wino wa maji huyeyuka kwa jasho siku ya kwanza tu.